Mtu Kazini na Kasumba ya Uvivu

Kuna uongo mmoja katika nchi yetu ambao umezeeka sana hata watu wanauamkia shikamoo. Uongo huo wasema kwamba Mtanzania ni mvivu wa kazi. Husemwa katika hotuba, husemwa katika semina, husemwa na meneja mbele ya wageni wake. Na la kuhuzunisha zaidi, husemwa na wafanyakazi wenyewe wanapopanga foleni kungojea huduma ya wafanyakazi wenzao. Kila ausemaye hujitoa yeye mwenyewe. Hatujapata kumsikia mtu akisimama na kusema, "Sisi ni wavivu, na wa kwanza ni mimi."

Tunataka kuupinga uongo huo. Lakini hatutaupinga kwa kuwasifu watu wetu kwamba wote ni wachapa kazi, maana huo utakuwa uongo wa pili, tena usio na hata heshima ya uzee. Tunayotaka kusema ni haya: tabia ya mtu kazini haisomeki kwa kumtazama mtu mmoja peke yake kama atazamwavyo ng'ombe mnadani. Mtu kazini ni mtu wa kikundi. Kikundi hicho hakimo katika muundo wa idara wala hakina muhuri, lakini ndicho kinachoamua kazi iende mbio au itambae. Nacho huamua kwa kupima jambo moja kabla ya mengine yote, yaani namna utu wa watu wake unavyotazamwa na wale waliowekwa juu. Kiongozi asiyekijua kikundi hicho, wala misiba yake, wala utani wake, wala majina ya kupanga kinayowapa watu wake, hana mizani ya kumpimia mtu yeyote uvivu.

Uongo huu una historia. Wajerumani walipotutoza kodi ya kibanda, kuanzia sheria yao ya mwaka 1897, shabaha haikuwa fedha tu. Ilikuwa pia kumtoa mtu shambani kwake akalime shamba la mwingine. Waingereza waliofuata walitunga mwaka 1923 sheria ya bwana na mtumishi wa Kiafrika, na katika mashamba ya mkonge ukatawala mtindo wa kipande: kadi yenye siku 30 za kazi, ambayo mtu alipaswa kuijaza ndipo alipwe. Wenye mashamba walilalama miaka yote kwamba "boi" hamalizi kipande chake upesi. Ni wachache waliojiuliza huyo mtu alikuwa wapi siku asizofika. Alikuwa shambani kwake, mvua imenyesha, anapanda mahindi ya wanawe. Yaani alikuwa kazini. Lakini maadamu kazi yenyewe haikuwa ya bwana, haikuhesabiwa kuwa kazi, na mwenye kuifanya akaandikwa mvivu.

Tazameni hata maneno yaliyobaki katika lugha yetu kutokana na zama hizo. Kibarua asili yake ni barua ndogo, kile cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa. Mwishowe cheti kikammeza mtu, naye akaitwa kibarua. Manamba ni yule aliyeitwa kwa namba badala ya jina alilopewa na wazazi wake. Na mtumishi, neno letu la heshima serikalini, ni ndugu wa tumbo moja na mtumwa, wote wawili wana wa "tuma". Bahati nzuri tumbo hilohilo lilimzaa na mtume, la sivyo tungelikata tamaa kabisa. Sisi tunaoshughulika na vina na mizani hatuwezi kuyapita maneno haya bila kusimama. Lugha imeweka kumbukumbu ambazo masijala hazikuziweka.

Na hao walioitwa wavivu walifanya nini? Mwezi wa Septemba mwaka 1947 wapagazi na makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ule ukafuata njia ya reli ukaingia bara, mji kwa mji. Wengi wao hawakujua kusoma. Hawakuwa na magari wala simu za kupigiana. Waliwezaje? Waliweza kwa sababu vikundi vilikuwapo tayari: watu waliolala chumba kimoja, waliozikana, waliocheza ngoma pamoja, waliotaniana. Mnyamwezi na Mzaramo walikuwa watani tangu enzi za misafara ya wapagazi iliyoshuka pwani, na mtani kwa mila zetu ana ruhusa ya kusema lile ambalo ndugu wa damu hathubutu. Hebu atuambie mwenye kujua: je, watu wavivu wanaweza kuisimamisha bandari na reli?

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, na Azimio la Arusha mwaka 1967, tulidhani uongo huu utazikwa. Palikuwa na jitihada za kweli, nasi hatutaki kuzidharau kama wafanyavyo vijana wa siku hizi ambao kila kilichofanyika kabla hawajazaliwa hukiita siasa. Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 uliagiza halmashauri za wafanyakazi ziundwe, ili mfanyakazi apate sauti katika mambo ya mahali pake pa kazi. Mwaka uliofuata, 1971, ulitoka Mwongozo wa TANU, na kifungu chake cha 15 kikawakataza viongozi kuwa na majivuno, kuwa wabadhirifu, kudharau watu na kuwaonea. Kifungu kile hakikuongeza hata senti moja katika mshahara wa mtu. Hata hivyo, hakuna maandishi ya serikali yaliyopata kupokewa viwandani kwa shangwe kama yale. Watu walijua namba ya kifungu kwa moyo.

Kuanzia hapo mpaka mwaka 1973 viwanda vya Dar es Salaam vilitikisika. Wafanyakazi waliweka zana chini hapa, wakawafungia mameneja nje pale. Na mwaka huo wa 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikitwaa kiwanda chenyewe, mwenye mali akabaki nje. Wataalamu wetu, akiwamo Issa Shivji katika kitabu alichokitoa mwaka 1976, walichunguza migomo hiyo wakaona jambo ambalo lilipaswa kubandikwa katika mlango wa kila ofisi ya utumishi: mingi haikuwa ya mshahara. Ilikuwa ya matusi, ya dharau, ya meneja aliyemsema mtu mzima kama mtoto. Mtu aweza kuvumilia njaa mpaka mwisho wa mwezi, lakini tusi huchacha katika siku moja.

Wapo waliosema wakati ule, na wapo wasemao leo, kwamba Mwongozo uliharibu nidhamu. Ni kweli kwamba pengine watu walikitumia kifungu cha 15 kama mwavuli wa kujikingia kazi. Tunakubali. Lakini mwenye nyumba ambaye paa lake linavuja halaumu ndoo iliyojaa maji.

Tutoke kidogo nje ya nchi, maana najua wapo ambao hawasadiki jambo mpaka lisemwe na mgeni. Mmarekani Frederick Winslow Taylor alitoa mwaka 1911 kitabu cha kanuni za kusimamia kazi kwa njia ya sayansi. Alishika saa mkononi akamhesabia mpagazi wa chuma hatua zake, akajisifu kwamba mtu mmoja aliyekuwa akipakia tani 12 na nusu kwa siku alimfikisha tani 47. Na huyo mtu alimfananisha na maksai. Kwa Taylor, watu wakikaa pamoja hupungua. Dawa ni kumtenga kila mmoja na kumpa kipimo chake. Kisha, kuanzia mwaka 1924, ukafanywa uchunguzi katika kiwanda cha vifaa vya simu cha Hawthorne, karibu na Chicago. Waliongeza mwanga wa taa, kazi ikaongezeka. Wakaupunguza, kazi ikaongezeka vilevile. Wakashangaa. Miaka michache baadaye, 1931 na 1932, waliwaweka wanaume 14 katika chumba kimoja na kuwatazama kazini kwa miezi kadhaa. Waliona kwamba wale watu wamekwisha kubaliana, bila mkutano wala maandishi, kazi ya siku iwe kiasi gani. Aliyezidisha alipewa jina la kejeli na kupigwa ngumi ya begani. Aliyepunguza mno naye akapewa lake. Na mwenye kupeleka habari kwa msimamizi alichukiwa kuliko wote wawili.

Maprofesa walipata sifa kubwa kwa ugunduzi huo, na haki yao. Lakini mtu yeyote aliyefanya kazi Chang'ombe angeliwaeleza mambo hayo bila malipo, tena akiwa anakula.

Maana huko ndiko mahali pa kwenda. Ukitaka kukijua kiwanda, usianze kwa meneja, atakuonyesha chati. Nenda saa sita mchana kwa mama ntilie, nje ya lango, kwenye mabenchi yaliyochakaa kwa kukaliwa. Tazama nani anakaa na nani. Tazama anayefika na watu wakasogea kumpa nafasi, na anayefika wakanyamaza. Sikiliza majina. Yule anayeharakisha kazi ili aonekane huitwa kimbelembele. Yule anayebeba maneno kwenda ofisini huitwa mnoko, na akishaitwa hivyo hatapata wa kumshikia nafasi katika daladala. Kama ni Jumatatu baada ya watani wa jadi kukutana uwanjani, utaona kiwanda kimegawanyika upande wa Simba na upande wa Yanga, na fundi mkuu mwenye miaka 30 kazini akizomewa na kijana wa juzi, naye akivumilia, kwa sababu utani ndiyo mahali pekee ambapo vyeo huvuliwa kama viatu mlangoni. Anayedhani hayo ni upuuzi wa kupoteza muda hajapata kuona kazi ya siku ambayo watu hawataniani. Siku hiyo meneja na ajihadhari.

Kisha uliza habari za mchezo. Mchezo si wa mpira. Ni ule wa fedha, ambao wazee waliuita upatu. Watu kumi wa idara moja hutoa kiasi kilekile kila mwezi, na kila mwezi mmoja hupokea zote. Hakuna mkataba. Hakuna dhamana. Hakuna mkaguzi. Watu haohao ambao taarifa za ofisi zinasema hawaaminiki hata kwa stempu, wanaaminiana mshahara. Na mwenye kushika fedha za mchezo mara nyingi si mwenye cheo. Ni mama wa usafi, au dereva, au karani wa stoo. Yeye ndiye kiongozi ambaye kikundi kimemchagua kwa kura zisizohesabiwa, na meneja mwenye akili humsalimu kwanza.

Ni hivyohivyo kwa mafundi seremala wa Keko, ambako tulikaa siku kadhaa tukingojea kabati lililoahidiwa "kesho". Kila banda lina mwenyewe na kila fundi ana wateja wake. Hata hivyo mbao huazimwa, randa huazimwa, kijana anayejifunza hutumwa banda la jirani akaonyeshwe jinsi ya kupiga tenoni. Mtu wa nje huona vurugu. Ukikaa utaona utaratibu mkali: nani aweza kuazima kwa nani, nani alikataa kuchangia msiba mwaka juzi na mpaka leo hapewi hata msumari. (Kabati lilipatikana siku ya tisa. Ni imara.)

Hatusemi kikundi ni malaika. Kikundi kinaweza kumficha mwizi kwa miaka. Kinaweza kumkatisha tamaa kijana mwenye bidii mpaka ajifunze kutembea polepole kama wenzake. Kinaweza kumtenga mtu kwa kabila lake au dini yake, na kumtesa mwanamke mwenye cheo kwa sababu tu ni mwanamke. Tumeyaona. Lakini tiba ya ugonjwa ni kumjua mgonjwa, na kikundi kilichodharauliwa hugeuka ngome. Hata wema waliomo ndani hushika zamu ya ulinzi.

Sasa yatupasa kueleza jambo ambalo hatujapata kuliandika, na ambalo bila hilo makala haya yangekuwa maneno ya mtu mwenye mikono safi.

Katika ofisi moja ya umma huko Kinondoni, ambamo tulifanya kazi, alikuja mkuu mpya. Alikuwa kijana, msomi, mwenye nia njema. Wiki ya kwanza aliamuru kitabu cha mahudhurio kiwekwe mezani kwa mlinzi, na kila siku saa moja na nusu asubuhi apigwe mstari mwekundu. Aliyesaini chini ya mstari alikuwa amechelewa, na aliyesaini chini ya mstari mara tatu alitakiwa kujieleza kwa maandishi. Ofisi nyingi zilikuwa na mtindo huo, wala hatuulaumu wenyewe. Saa ni saa.

Palikuwa na mama mmoja wa masijala, amebakiza miaka michache astaafu. Katika ofisi yetu majalada yalikuwa maelfu, na kumbukumbu iliyoyapanga ilikuwa kichwani mwake kuliko katika rejesta. Ukimwambia habari za kiwanja fulani cha Tandale alinyoosha mkono bila kutazama. Ndiye aliyeshika mchezo wetu. Ndiye pia aliyeshika daftari la rambirambi, ambalo humo kila mtu aliandikwa alichotoa tangu miaka mingi nyuma, ili nawe ukifikwa usisahauliwe.

Usiku mmoja dereva wetu alifiwa na mtoto kwake Mbagala. Yule mama alitoka ofisini jioni akapita kwa watu akikusanya, akaenda Mbagala akakabidhi mchango wa ofisi, akakesha na wafiwa kwa niaba yetu sote. Asubuhi alipanda gari Rangi Tatu kama apandavyo kila mtu wa Mbagala, kwa kusukumana, akafika saa mbili na dakika kadhaa. Mkuu alikuwa amesimama karibu na kitabu. Hakujua kwamba dereva wake mwenyewe amefiwa. Alimwona mama amejifunga khanga ya msibani juu ya gauni, akamwambia mbele ya watu:

"Mama, hapa ni ofisini, si msibani."

Yule mama akajibu, "Haya, mwanangu." Akasaini chini ya mstari. Akavua khanga akaikunja, akaingia masijala.

Hapakuwa na mkutano. Twasisitiza neno hili, kwa sababu baadaye ilitafutwa njama na haikupatikana. Hakuna aliyemwambia mwenzake lolote. Siku iliyofuata, saa moja na robo, watu wote walikuwa wamekwisha saini juu ya mstari, nadhifu kama wanafunzi. Kisha wakakaa. Jalada ambalo zamani liliombwa kwa kuita mlangoni sasa liliombwa kwa dokezo, dokezo likaandikiwa namba, namba ikaingizwa katika rejesta, mhudumu akangojewa. Kazi iliyochukua siku mbili ikachukua tisa. Hakuna aliyevunja kanuni. Walizifuata zote, na kuzifuata zote ndiko kulikoiua kazi. Wananchi wakajaa ukumbini. Mkuu akapita vyumbani akakuta kila mtu ameinama juu ya karatasi.

Akatuita. Alikuwa amesikia kwamba tunatunga mashairi. Akasema, "Mzee malenga, niandikie waraka. Nataka Kiswahili kikali."

Tukauandika. Hapo ndipo aibu yetu ilipo. Tulijua sababu, tulikuwa tumesimama hatua tatu kutoka kile kitabu siku ile, na jina letu lilikuwamo katika daftari la rambirambi. Tulikuwa na nafasi ya kumwambia kijana yule kwa upole, faraghani, kama mkubwa amwambiavyo mdogo: nenda Mbagala kampe pole dereva wako, halafu umwombe radhi mama wa watu. Labda angesikia. Badala yake tukampa "uzembe uliokithiri", tukampa "utovu wa nidhamu", tukampa "uvivu uliota mizizi". Tulizipanga sentensi zikapanda na kushuka vizuri. Tuliusoma kwa sauti tukaupenda. Ule uongo mzee tulioutaja mwanzoni ulipata kalamu nyingine ya kuutumikia, na kalamu hiyo ilikuwa yetu.

Kwa nguvu ya waraka ule, ikaonekana kiini cha uzembe kiko masijala. Yule mama alihamishiwa kituo kingine, mbali na kwake, akamalizia huko utumishi wake. Siku ya kuondoka alipita vyumba vyote akiaga. Alipofika mezani petu alisema, "Kiswahili chako kizuri, mdogo wangu." Hakuongeza neno. Na majalada yale hayakupata kunyooshewa mkono tena na mtu asiyetazama.

Tangu hapo kila tunaposikia neno "uvivu" katika kikao tunauliza, pengine kwa ukali usiopendeza: mvivu ni nani, tangu lini, na jambo gani lilitokea wiki moja kabla? Aghalabu swali la tatu hufungua sanduku.

Sasa tuwatazame wale wanaojiita wataalamu wa tabia za watu kazini. Hatuwapingi kwa kuwa ni wasomi. Tunawapinga kwa kuwa wanakuja na makabrasha ya Kiingereza kuwafundisha wakuu wetu namna ya kuwaelewa watu wanaotukanana, kuombana radhi, kutaniana na kuzikana kwa Kiswahili. Semina hufanyika mbali na kazi, katika hoteli yenye viyoyozi; mkuu hurudi amejifunza maneno kumi mapya na hajui dereva wake anakaa wapi. Mwaka 2004 ulianza katika utumishi wa umma mfumo wa wazi wa kupima utendaji, uliochukua nafasi ya zile taarifa za siri ambamo mtu alihukumiwa asijue. Nia ilikuwa njema, na kuondoa siri ni jambo la kushukuru. Lakini tuliojaza fomu zile tunajua jinsi zilivyojazwa: mwisho wa mwaka, kwa haraka, malengo yakinakiliwa kwa jirani. Sasa zimekuja za kompyuta. Fomu ya karatasi au ya kompyuta humpima mtu mmoja mmoja. Haina mahali pa kuandika kwamba mtu huyu ndiye anayeshika amani ya chumba kizima. Yule mama wa masijala katika fomu yoyote angepata alama za wastani.

Tena yako mambo madogo ambayo si madogo. Katika miaka ya 1970 mkubwa na mdogo kazini waliitana Ndugu. Wapo waliolitumia neno hilo kwa unafiki, hilo latambulika. Hata hivyo neno likirudiwa kila siku humkumbusha msemaji wajibu wake, apende asipende. Leo tumelitupa. Mkuu ni Bosi, na akipanda kidogo ni Mheshimiwa, na gari lake lina mlango ambao haufunguki mpaka afunguliwe. Hao ndio wajukuu wa wale tuliowaita naizi, waliorithi kiti cha Mzungu na mto wake na namna yake ya kukalia. Mabaraza ya wafanyakazi yapo kwa mujibu wa sheria, lakini mengi hukutana ili kupitisha bajeti iliyokwisha andikwa na kugawana posho ya kikao. Hatujapata kuhudhuria baraza ambamo ajenda ya kwanza ilikuwa: nani amedharauliwa tangu tulipokutana mara ya mwisho?

Tungependa ajenda hiyo iwekwe. Tungependa pia kila mkuu mpya, kabla hajapiga mstari wa rangi yoyote, azuiliwe kutoa amri kwa muda fulani, akae mapokezi, akae masijala, ale kwa mama ntilie, aende msiba mmoja kwa daladala. Watasema hiyo ni njozi ya mshairi. Lakini wahenga waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walitoa hizo siku mbili kwa sababu. Wenye kuupenda msemo huo wanapowakaripia watu huikimbilia siku ya tatu, wakazisahau mbili za kwanza, ambazo mgeni hulishwa, huulizwa habari za atokako, na wenyeji wakajua mkono wake una nguvu kiasi gani kabla ya kumchagulia jembe. Nasi tungetaka mkuu mgeni naye azipewe siku zake mbili, afundishwe na wenyeji.

Kitabu chenye mstari mwekundu hakipo tena katika ofisi ile. Mahali pake, ukutani, pana mashine inayosoma alama za vidole, na kila asubuhi watu hupanga foleni mbele yake.

Mwaka huu tulikwenda Mbagala kumsalimu yule mama. Amezeeka, macho yamepungua nguvu, lakini alitutambua kwa sauti kabla hatujakaa. Tulikuwa tumejiandaa njiani kumwomba radhi na tulikuwa na maneno mengi, mazuri kama kawaida yetu. Alitukatiza. Alitaka habari za watu: fulani yuko wapi, fulani alijenga, yule dereva alipata mtoto mwingine? Kisha akauliza daftari la rambirambi anashika nani siku hizi. Tukamwambia kwamba tangu alipoondoka halikuonekana.

Aliinuka kwa kushika ukuta, akaingia chumbani, akarudi nalo limefungwa katika ile khanga.